Leseni na redio ya mkono ni somo moja

Redio ya mkono ya Baofeng UV-5R inapatikana Marekani kwa chini ya dola 30, na bei hiyo imewafanya wengi waanze na redio kabla ya leseni. Kifurushi kinafika, betri inachajiwa, redio inawashwa, na kinachosikika ni mchakarisho mtupu. Wengine huanzia upande wa pili: wanakariri maswali ya mtihani kwenye simu, wanafaulu, wanapewa alama ya mwito, yaani jina lao rasmi la hewani, na mwezi unaisha bila ripita ya mji wao, mtambo unaorusha upya mawimbi ya redio ndogo, kuwajibu hata mara moja.

Makundi yote mawili yamekwama mahali pamoja. Mtihani wa kwanza wa redio za ridhaa, yaani redio za watu wanaorusha mawimbi kwa kupenda na kujifunza, bila malipo, unauliza habari za vitu vilevile vinavyoandikwa ndani ya chaneli moja ya redio ya mkono: masafa (frequency, si umbali), tofauti ya masafa, toni, upana wa mawimbi. Anayesoma huku redio iko mezani anamaliza kazi mbili kwa mpigo, na hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote. Hapa nimechukua utaratibu wa Marekani, kwa kuwa Waswahili wengi wanaishi huko na sheria yake haimtaki mwombaji awe raia. Asiyeruhusiwa ni mwakilishi wa serikali ya kigeni. Mwombaji anatakiwa awe na anwani ya posta ndani ya Marekani, basi.

Jambo moja liwekwe wazi tangu mwanzo: kusikiliza masafa ya ridhaa huko hakuhitaji leseni. Kinachohitaji leseni ni kubonyeza kitufe cha kuongelea. Kwa hiyo inunue redio mapema ukitaka, ipange, sikiliza kila siku, ila kidole kikae mbali na kitufe hicho mpaka alama yako itoke.

Njia ya leseni

Anayetoa leseni ni FCC, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, na kanuni zinazohusika ni zile za sehemu ya 97. Kuna madaraja matatu: Technician, General na Amateur Extra. Mwenye redio ya mkono anahitaji la kwanza tu. Technician anaruhusiwa masafa yote ya ridhaa yaliyo juu ya megahezi 30, pamoja na vipande vichache vya chini yake. Hapo ndipo zilipo bendi mbili za redio hizi: mita 2, kuanzia 144 hadi 148 MHz, na sentimita 70, kuanzia 420 hadi 450 MHz.

Kabla ya mtihani jisajili kwenye mfumo wa FCC unaoitwa CORES upate namba ya FRN, yenye tarakimu kumi. Jina uliandike kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho. Waswahili wengi wana majina matatu, na la mwisho kwenye pasipoti mara nyingine si la mwisho kwenye leseni ya udereva. Chagua mpangilio mmoja uushike kila mahali. Andika baruapepe unayoifungua kweli, maana FCC haitumi tena leseni ya karatasi wala bili kwa posta. Na ujue kwamba anwani utakayoiweka itaonekana na yeyote duniani kwenye hifadhidata ya leseni. Asiyependa nyumba yake ijulikane atumie sanduku la posta, inakubalika kabisa.

Mtihani hausimamiwi na maofisa wa serikali. Unasimamiwa na watahini wa kujitolea, wasiopungua watatu, walio chini ya mashirika yaliyoidhinishwa. Wapo wanaotoza, kwa mfano ARRL, chama cha kitaifa cha redio za ridhaa, imekuwa ikitoza dola 15. Wapo pia wasiotoza kitu, kama shirika la Laurel. Tangu 2020 vikao vingi hufanyika kwa video, na hiyo imewaokoa sana walio mbali na miji. Ukifaulu, FCC inakutumia baruapepe yenye kiungo cha kulipia dola 35, ada iliyoanza Aprili 2022, na una siku 10 za kulipa. Wengi hupotezea leseni hapa: ujumbe unaangukia kwenye taka, siku zinapita, ombi linafutwa. Kagua folda ya taka kila siku baada ya mtihani.

Leseni ni ya miaka 10. Huna haja ya kusubiri cheti: siku alama yako inapoonekana kwenye hifadhidata ya FCC, ruhusa imeanza.

Maswali 35

Karatasi ina maswali 35 ya kuchagua jibu, na kufaulu ni kupata 26. Maswali yanatoka kwenye benki inayochapishwa hadharani, yenye maswali zaidi ya 400, na benki hubadilishwa kila baada ya miaka minne, tarehe 1 Julai. Ile iliyoanza 2022 mwisho wake ni 30 Juni 2026. Kabla ya kununua kitabu au kupakua programu ya mazoezi, tazama miaka iliyoandikwa juu yake. Kitabu cha bei chee sokoni mara nyingi ni cha benki iliyokwisha muda.

Benki imegawanywa katika vikundi 35, na kila kikundi kinatoa swali moja. Maana yake huwezi kuangukiwa na mtihani wenye maswali kumi ya umeme. Sheria za FCC zina maswali sita, mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kanuni ya Ohm na hesabu ndogo za nguvu ziko kwenye sehemu yenye maswali manne. Usalama wa umeme na antena una matatu. Anayeogopa hesabu anaweza kukosa zote nne na bado akafaulu. Hata hivyo jifunze mbili: nguvu kwa wati ni volti mara ampea, na urefu wa wimbi kwa mita ni 300 ukigawa kwa masafa ya megahezi. Ya pili utaitumia maisha yote. Gawa 300 kwa 146 unapata mita 2 na kidogo, ndiyo maana bendi inaitwa ya mita 2. Chukua robo yake, punguza kidogo kwa ajili ya waya, unapata sentimita 49 hivi: urefu wa antena ya robo wimbi.

Maswali yako kwa Kiingereza, na kwa aliyesomea kwa Kiswahili huo ni mzigo wa kweli. Dawa yake ni kusoma jibu sahihi peke yake kwanza, bila kugusa yale matatu ya uongo, mpaka maneno yazoeleke; kisha ndipo ufanye majaribio. Ukipata zaidi ya asilimia 85 mara kadhaa mfululizo, kajiandikishe. Beba kitambulisho chenye picha, namba ya FRN na penseli. Kikokotoo kinaruhusiwa ikiwa kumbukumbu yake imefutwa. Cha kwenye simu hakiruhusiwi. Ukifaulu Technician wasimamizi watakuuliza kama ungependa kujaribu General papo hapo bila kulipa tena. Kubali, hata kama hukusoma. Hupotezi kitu.

Ndani ya chaneli moja

Sasa tufike kwenye redio yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoteza subira.

Redio mbili za mkono zinazoongea moja kwa moja hazifiki mbali. Masafa haya hayapindi kufuata mgongo wa dunia. Umbali wa upeo kwa kilomita ni kama 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Antena iliyo mita 1.6 kutoka ardhini inaona kilomita 5 na kitu, basi watu wawili kwenye uwanda mtupu wanaweza kufikiana kwa kilomita 10. Mjini kati ya majengo shukuru ukipata mbili. Lakini antena iliyo kileleni mita 300 juu ya mji inaona kilomita 71. Ndiyo kazi ya ripita: iko juu, inasikia redio dhaifu za chini, na inarusha upya yale inayosikia wakati huohuo.

Kwa kuwa inasikia na kurusha kwa wakati mmoja, haiwezi kutumia masafa yaleyale kwa kazi zote mbili. Inarusha kwenye masafa moja na kusikiliza kwenye mengine. Marekani tofauti ya kawaida ni kilohezi 600 kwenye mita 2 na megahezi 5 kwenye sentimita 70. Chukua ripita inayotangazwa hivi: 146.940, kutoa, toni 100.0. Wewe unasikiliza 146.940, ukibonyeza kitufe, redio yako inashuka kilohezi 600 na kurusha kwenye 146.340. Ingekuwa kujumlisha, ingepanda. Masafa yanayotangazwa siku zote ni yale ya ripita kurusha, yaani yale ya wewe kusikiliza, na ukilishika hilo nusu ya mkanganyiko umeisha.

Toni ni mlio mzito, kati ya hezi 67.0 na 254.1, unaopita chini ya sauti yako bila kusikika. Ripita nyingi zimefungwa kwa toni ili zisiamshwe na makelele ya mbali. Usipoituma, ripita inakusikia lakini haifunguki. Kuna toni ya kutuma na kuna toni ya kupokea, na ni vitu viwili tofauti kabisa. Anayeanza aweke ya kutuma tu. Ya kupokea aiache imezimwa, kwa sababu akiiweka na ripita ikawa hairushi toni hiyo, redio yake itakuwa bubu huku taa ya kijani ikiwaka.

La mwisho ni upana. Ridhaa ya Marekani hutumia FM pana. Redio ikiwekwa kwenye nyembamba utasikika kwa sauti ndogo kama uliyesimama mbali na maikrofoni, na watu watakuambia uongeze sauti bila kujua sababu.

Masafa, mwelekeo (kutoa au kujumlisha), tofauti, toni, upana. Sasa rudi kwenye benki ya maswali. Tofauti ya kawaida kwenye mita 2 ni ipi? Kwa nini unaisikia ripita lakini huwezi kuifungua? Masafa ya kitaifa ya kuitana bila ripita kwenye mita 2 ni yapi? Jibu ni 146.520, na inafaa iwe chaneli yako ya kwanza.

Kwa vidole kwanza

Kompyuta inarahisisha, lakini panga angalau chaneli mbili kwa vidole kabla ya kuigusa. Siku umeme umekatika au umesafiri mji mwingine, vidole ndivyo vitakavyokusaidia. Maelezo haya ni ya UV-5R. Redio nyingine zina namba tofauti za menyu, mantiki ni ileile.

Bonyeza VFO/MR mpaka uwe kwenye hali ya masafa, kisha A/B mpaka mshale usimame mstari wa juu. Mstari wa chini hauwezi kuhifadhi vizuri, kwa hiyo usihangaike nao. Kila menyu inafunguliwa vilevile: MENU, namba, MENU, chagua, MENU tena kukubali, EXIT. Zima menyu ya 7, TDR, ambayo inafanya redio isikilize mistari miwili kwa zamu. Menyu ya 1, STEP, iweke 5.0 au 2.5, ikiwa 6.25 redio itakubadilishia masafa kwenda karibu na uliyoyataka, na hutagundua kwa macho. Menyu ya 5, WN, iwe WIDE. Menyu ya 10, 11 na 12, za toni ya kupokea na za misimbo inayofanya kazi kama toni, ziwe OFF.

Sasa andika masafa ya kusikiliza, tuseme 146940. Menyu ya 13, T-CTCS, yaani toni ya kutuma, chagua 100.0. Menyu ya 25, SFT-D, chagua alama ya kutoa. Menyu ya 26, OFFSET, weka 00.600. Hapo tayari unaweza kuifikia ripita, ila hujahifadhi.

Fungua menyu ya 27, MEM-CH, tafuta nafasi tupu. Zipo 128, kuanzia 000 hadi 127, na nafasi iliyokwisha tumika huonyesha CH mbele ya namba yake. Hiyo ifute kwanza kwa menyu ya 28. Bonyeza MENU kuhifadhi, na sauti ya redio itataja kumbukumbu ya kupokea. Toka kwa EXIT. Kisha bonyeza kitufe cha *SCAN mara moja na kukiachia: masafa yatageuka kuwa 146.340, yaani ya kurusha. Rudi menyu ya 27, chaneli ileile, MENU. Sauti itataja kumbukumbu ya kurusha. Bonyeza *SCAN tena kurudi kawaida. Ukikishikilia *SCAN badala ya kukigusa, redio itaanza kuzungukia masafa. Bonyeza kitufe chochote isimame.

Toni lazima iwekwe kabla ya kuhifadhi. Ukihifadhi chaneli kisha ukakumbuka toni, kuibadilisha ukiwa kwenye hali ya chaneli hakudumu. Futa nafasi hiyo, anza upya.

Kisha kwa kompyuta

Programu inayotumika na wengi ni CHIRP. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inazijua redio za kampuni nyingi, si Baofeng tu. Unahitaji kebo ya USB yenye plagi mbili za mtindo wa Kenwood, moja ya milimita 3.5 na nyingine ya 2.5.

Kebo ndiyo chanzo cha nusu ya malalamiko. Kebo rahisi nyingi zina chipu bandia inayoiga ya kampuni ya Prolific, na dereva mpya wa Windows, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na kebo, huikataa makusudi: kifaa kinaonekana na alama ya njano, CHIRP haioni redio. Dawa ni kusakinisha dereva wa zamani na kuizuia Windows isimsasishe, au kutoa dola chache zaidi ununue kebo yenye chipu ya FTDI. Naona ya pili ndiyo nafuu ukihesabu muda. Kwenye Linux, mtumiaji asipokuwa kwenye kundi la dialout programu haitafungua mlango wa kebo.

Chanzo cha pili ni plagi isiyoingia mpaka mwisho. Ganda la redio limeinuka kidogo pembeni mwa tundu, na plagi nene inagonga hapo kabla ya kufika. Zima redio, sukuma plagi kwa nguvu mpaka usikie imekaa, washa redio, ongeza sauti. Ikibidi, chonga plastiki ya plagi kidogo kwa wembe.

Kitu cha kwanza kwenye CHIRP ni kupakua yaliyomo kwenye redio, hata kama hakuna kitu. Hifadhi faili hilo kwa jina linaloeleweka, na usiliguse tena. Ndilo litakalokuokoa ukiharibu. Fanya kazi kwenye nakala. Usichukue faili la redio ya rafiki ukalipakia kwenye yako, kwa sababu toleo la programu ya ndani linaweza kuwa tofauti hata kama redio zinafanana kwa nje. Fungua mafaili yote mawili, nakili mistari ya chaneli kutoka moja kwenda jingine, na upakie lile lililotoka kwenye redio yako.

Safu za jedwali ni vitu vilevile ulivyoandika kwa vidole. Duplex ni mwelekeo, Offset ni tofauti, Mode ni upana: FM ni pana, NFM ni nyembamba. Tatizo linalorudi kila mara liko kwenye toni. Kuna safu ya Tone na safu ya ToneSql, na zote huanza na 88.5. Ukichagua hali ya Tone, CHIRP inasoma safu ya Tone peke yake. Mtu anaandika 100.0 kwenye ToneSql, anaacha Tone ikiwa 88.5, anapakia, na redio inatuma 88.5 kwenye ripita inayotaka 100.0. Kwa macho ya haraka jedwali linaonekana sawa. Ukichagua TSQL mambo yanageuka: inasomwa safu ya pili, na toni inatumika kutuma na kupokea.

Chaneli za kusikiliza tu, kama saba za hali ya hewa za NOAA kati ya 162.400 na 162.550, ziwekee Duplex ya "off". Redio haitarusha hapo hata kidole kikiteleza. UV-5R nyingi zinaweza kurusha nje ya masafa ya ridhaa, kwenye masafa ya polisi, zimamoto na biashara, na leseni ya ridhaa haikupi ruhusa hiyo.

Nafasi tano napenda zitengwe kwa Kituo cha Anga cha Kimataifa, kinachobeba ripita ya ridhaa. Kinasikiliza 145.990 kwa toni 67.0 na kurusha 437.800. Kwa kuwa kinakuja kwa kasi, masafa yake yanasogea hadi kilohezi 10: kikikaribia unasikiliza 437.810, kisha 437.805, kikiwa juu 437.800, kikiondoka 437.795 na 437.790. Panga chaneli kwa mfuatano huo, zote zikirusha 145.990, na ushuke moja moja kadiri sauti inavyochakaa. Hapa Duplex inakuwa "split", na safu ya Offset inabeba masafa kamili ya kurusha.

Ikigoma

Ripita utaipata kwenye orodha ya RepeaterBook, lakini orodha inachelewa. Ripita iliyoungua mwaka jana inaweza bado kuwemo. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu redio, sikiliza siku mbili kama kuna yeyote anayesikika hapo.

Ukishakuwa na leseni, jaribio ni hili: bonyeza, taja alama yako na kwamba unajaribu, achia. Ripita iliyokusikia hubaki imewaka sekunde moja au zaidi baada yako. Utasikia kimya laini kisha mkato. Huo huitwa mkia. Hakuna mkia kabisa? Toni, mwelekeo au tofauti ina kosa, au uko mbali. Mkia upo lakini watu wanasema unakatikakatika? Mpangilio wako ni mzima, tatizo ni mawimbi: toka nje, panda juu, shika redio wima usawa wa uso, usiiache kiunoni. Antena fupi ya mpira iliyokuja na redio ni dhaifu. Waya mwembamba wa sentimita 49 uliofungwa kwenye upande wa ardhi wa kiungio cha antena na kuachwa uning'inie husaidia sana kwenye mita 2, na gharama yake ni karibu na bure.

Taa inawaka kijani na husikii kitu: zima menyu ya 11, toni ya kupokea. Unasikia vizuri lakini majibu yanaenda chaneli isiyo yako: TDR haikuzimwa. Unasikia mchakarisho usioisha: skwelchi, kizuizi cha mchakarisho, iko 0, ipandishe kwenye menyu ya 0 hadi 3 au 4. Watu wanachoka na mlio mwisho wa kila sentensi yako: zima ROGER, menyu ya 39. Na TOT, menyu ya 9, kikomo cha muda wa kurusha, iweke sekunde 120 au 180, ili kitufe kikibanwa na kiti cha gari usiifungie ripita mchana kutwa.

Kiswahili hewani, na mpaka

Ukibonyeza, subiri nusu sekunde kabla ya kusema. Ripita inahitaji muda wa kufunguka, na anayeanza papo hapo anapoteza neno la kwanza, ambalo kwa kawaida ni alama yake. Taja alama angalau kila dakika 10 na mwisho wa mazungumzo. Muziki, biashara na lugha ya siri havina nafasi.

Lugha ya mazungumzo ni hiari yako. Kanuni ya FCC inadai alama ya mwito tu itajwe kwa Kiingereza unapoongea kwa sauti. Yaliyobaki yanaweza kuwa Kiswahili kitupu. Kwa hiyo Wakongo, Wakenya na Watanzania wa mji mmoja wenye leseni wanaweza kusalimiana kwa Kiswahili kwenye ripita ya mtaa jioni nzima, mradi wataje alama zao na kuacha mwanya kati ya zamu ili mwenye dharura aingie.

Walio Kanada mtihani wao wa Basic una maswali 100. 70 yanatosha kufaulu, na 80 yanafungua pia masafa ya chini. Uingereza huanza na Foundation, maswali 26, kufaulu ni 19.

Leseni ya Technician haikufuati nyumbani. Makubaliano ya CEPT, jumuiya ya wadhibiti wa posta na mawasiliano wa Ulaya, yanayowaruhusu Wamarekani kurusha Ulaya yanawahusu General na Extra, na Kenya na Tanzania hazimo humo. Anayekwenda aombe ruhusa mapema kwa mdhibiti wa nchi husika, TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya, na afanye hivyo kabla redio haijaingia kwenye sanduku, kwa kuwa kuingiza redio yenyewe kunaweza kudai kibali. Alama za huko huanza na 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya, 5X kwa Uganda, na Kenya ina chama chake cha siku nyingi, ARSK.

Hata ukipata kibali, chaneli zako za Marekani hazifai. Afrika iko Kanda ya 1 ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, pamoja na Ulaya na nchi za Ghuba kama Oman, na huko mita 2 zinaishia 146 MHz, sentimita 70 ziko kati ya 430 na 440. Masafa ya kuitana ni 145.500 na 433.500. Ile 146.520 uliyoizoea ni mali ya watumiaji wengine. Tengeneza faili la pili la CHIRP lenye chaneli za Kanda ya 1 tu, na ulipakie kabla ya safari.